Mafunzo ya siku mbili kwa askari wanaohudumia wafungwa wa kigeni: niweke nini, niache nini?

Funguo_Saba
Wakuu, naandaa mafunzo ya siku mbili kwa askari magereza 24: wa mapokezi, wa mabweni na wa lango. Gereza lina wafungwa na mahabusu wa kigeni wa lugha mbalimbali. Ratiba niliyokabidhiwa imetenga nusu siku kwa "tamaduni za mataifa", saa moja kwa sheria, na ukalimani haumo kabisa. Naona imekaa vibaya. Mngeipanga vipi? Na baada ya hapo askari wasaidiwe namna gani?

Rejesta
Hiyo nusu siku ya tamaduni ifute. Askari hutoka humo na orodha ya "watu wa nchi fulani wako hivi", akirudi bwenini anaigeuza rungu. Anza na mapokezi.

Kwanza jina. Liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, si kama lilivyosikika langoni. Wapo wanaotanguliza jina la ukoo, wapo wasio nalo kabisa. Tarehe ya kuzaliwa nayo: 04/07 kwa mmoja ni Julai, kwa mwingine ni Aprili, basi mwezi uandikwe kwa maneno. Rejesta ikikosea hapo, ubalozi ukiulizia mtu wake unajibiwa "hatunaye", na wakili wake vivyo hivyo.

Kisha ubalozi. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli ina hatua mbili ambazo askari huzichanganya: kumwambia mfungwa bila kukawia kwamba ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wake, na kuuarifu ubalozi akitaka mwenyewe. Ya kwanza ni lazima kwa kila mgeni, ya pili inategemea jibu lake. Katika kesi ya Mexico dhidi ya Marekani ya 2004, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema wajibu huo unaanza pale inapofahamika kuwa mtu ni raia wa kigeni, au panapokuwa na sababu ya kudhani hivyo. Kwa hiyo "hakuwa na pasipoti" si udhuru. Fomu iwe na visanduku viwili tofauti, saa, sahihi ya mfungwa na ya mkalimani.

MlangoWaPili
Hapo pana mtego. Askari mwenye nia njema anapiga simu ubalozini amsaidie mtu, kumbe ameikimbia serikali hiyohiyo, na wanaokuja kuumia ni ndugu aliowaacha. Bila sahihi kwenye kisanduku cha pili, simu isipigwe.

Zipo nchi zenye mikataba ya pande mbili inayotaka taarifa ipelekwe hata mfungwa akikataa. Orodha yake ibandikwe mapokezi, na uamuzi uwe wa mkuu wa gereza, si wa askari wa zamu. Hata hapo, habari za kuomba hifadhi hazitajwi. Mkimbizi na asiye na uraia wana njia yao: Kanuni ya 62 ya Kanuni za Nelson Mandela (2015), yaani kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, inawaruhusu kuwasiliana na chombo cha kitaifa au cha kimataifa chenye kazi ya kuwalinda.

Kalimani_K
Ukalimani upewe asubuhi nzima ya siku ya kwanza, na iwe kwa vitendo. Kwa watu 24 unapata makundi manane ya watatu watatu: askari, mfungwa, mkalimani, halafu wanabadilishana. Askari amtazame mfungwa, si mkalimani. Aseme "umekula?", si "muulize kama amekula". Sentensi moja au mbili, kisha anyamaze.

Linalowashinda wengi ni kuhakikisha mtu ameelewa. Aliyeingia leo anaitikia "ndiyo" kwa lolote ili mahojiano yaishe, kwa hiyo "umeelewa?" haina faida. Uliza "ukiumwa usiku utafanya nini?" Akionyesha kengele ya seli, endelea. Akitabasamu tu, rudia tangu mwanzo. Kumpa karatasi ya lugha yake hakutoshi: Kanuni ya 55 ya hizohizo za Mandela inataka asiyejua kusoma aelezwe kwa mdomo.

Mfungwa kumtafsiria mwenzake? Saa za chakula, sawa. Zahanati na mashtaka ya nidhamu, hapana. Anayetafsiri hupata siri za mtu, na siri gerezani hudaiwa malipo. Kanuni ya 41 yenyewe inataka mtuhumiwa aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa, na kama haelewi lugha ya kikao cha nidhamu, apewe mkalimani wa bure.

Funguo_Saba
Shukrani. Tunao askari wawili wanaojua lugha mbili kati ya zile. Niwategemee?

MlangoWaPili
Hao ndio mtakaowachosha. Wataitwa kila bweni, mapumziko yao yaliwe, na kazi yao ya zamu ibaki palepale. Ukalimani uandikwe kwenye kitabu cha zamu kama kazi yenye saa zake, na mwingine ashike nafasi. Askari asikalimani shauri aliloliandikia ripoti mwenyewe. Akitoka kumpa mtu habari ya msiba wa kwao, apate robo saa na msimamizi kabla ya kurudi bwenini.

Siku ya pili gusa simu. Asiyetembelewa abadilishiwe muda wa ziara uwe wa simu, na chati ya saa za nchi mbalimbali ikae kando ya simu, la sivyo atapewa zamu ya kupiga wakati kwao ni saa tisa usiku. Na wafundishwe kutotaja tarehe ya kwenda nyumbani: kifungo kikiisha, uhamiaji unaweza kumshikilia bado. Aliyeahidiwa Ijumaa na ikapita bila kutoka, ndiye wa kuangaliwa kwa karibu usiku huo.

Rejesta
Baada ya wiki sita chomoa majalada kumi ya waliopokelewa tangu mafunzo. Tazama jina, visanduku viwili, saa, sahihi ya mkalimani. Kinachokosekana mara tatu au zaidi, kirudie kwenye paredi ya asubuhi kwa dakika kumi, pale mapokezi, fomu ikiwa mkononi.