Tupeane uzoefu: umeshaacha kilevi, nini kinakupa moyo wa kuendelea?

Wapendwa, wengi hutuuliza tuliachaje. Mimi nataka tuzungumzie yanayofuata: zile jioni kiu inakupanda na nyumba nzima haijui. Nani au nini kilikushika mkono?

Naanza. Kwangu saa mbaya ni ya kutoka kazini. Nimekuja kujua kiu ina mwisho wake. Mara nyingi nusu saa haiishi imeshashuka, hata usipoipa kitu. Basi naosha vyombo, sahani moja moja, mikono ndani ya maji ya moto, mpaka pumzi itulie.

— Mimi najiuliza kwanza: nina njaa? Hasira? Upweke? Uchovu? Mara nyingi nakuta ni usingizi. Na jamani, usingizi huchelewa kurudi, wengine miezi. Msikate tamaa kwa hilo.

— Nilikuwa wa unga. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, ilipoisha nikadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Wenzangu mkumbuke, ukishakaa bila kutumia, mwili hauhimili tena kipimo cha zamani. Tumezika watu kwa hilo. Kilichonipa moyo ni dada yangu. Alisafiri akaniachia funguo za nyumba, hakuhesabu kitu wala hakuniusia. Nilizishika zile funguo nikalia.

— Mwaka 1935 Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha pombe, alikuwa Akron, Marekani, biashara imemharibikia, yuko hotelini na baa iko pale pale. Akashika simu kumtafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari Bob Smith, na hapo ndipo Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ilipoanzia. Hili hunigusa sana: aliyekuwa anazama ndiye aliyemtafuta mwingine wa kumsaidia. Nami siku nikilemewa nampigia aliyeacha juzi, namuuliza ameamkaje.

— Shikamooni. Mimi nimeacha jana, baada ya miaka mingi ya kunywa kila siku. Mikono inatetemeka, jasho linanitoka. Nasoma tu hapa nipate nguvu.

— Marahaba mdogo wangu, umefanya vizuri kusema. Ila hilo usilivumilie peke yako. Aliyekunywa sana akikata ghafla anaweza kupata degedege, hata kupoteza maisha, na siku hizi za mwanzo ndizo za hatari. Nenda hospitali sasa hivi, usingoje kesho, uwaeleze ukweli wote. Dawa za kukuvusha zipo. Mwombe mtu akusindikize. Ukifika tuandikie, hata neno moja.