Jahazi la kuangalia jua likizama, Kigoma yapo?

Habari wakuu, tupo kumi na wawili tunatoka Dar mwezi wa saba, tunataka jioni moja tukodi jahazi la tanga kama yale ya Zanzibar tule upepo ziwani jua likizama, yanapatikana wapi na tutoke saa ngapi?

Mwanaziwa: Karibuni sana. Jahazi la tanga mimi sijaliona huku, wengi tunakodi boti za mbao zenye injini, ulizieni Kibirizi pale zinapotokea boti za Gombe. Muda msije na saa za Dar aisee, huku jua linazama kama saa moja, linaingia nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo, kwa hiyo mkitoka saa kumi na moja na nusu inatosha. Bei patana kabla hamjapanda, sio mkiwa katikati ya maji 😂

dagaa_mbichi: Na mwezi wa saba upepo wa kusini unavuma haswa, ziwa likichafuka mtatapika wote. Laifujaketi mhesabu kumi na mbili kabisa, ziwa lina kina kama mita 1,470 hili msilichukulie poa.

Mwanaziwa: Kweli mkuu. Halafu chagueni usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaendi, lakini kukiwa na giza, na kama uvuvi haujafungwa mwezi huo, mnaporudi mnaona taa zao ziwani utadhani mji mwingine.

Muuliza swali: Nimewaelewa, injini basi. Dagaa wa kubeba je?