Panya wasio na jeni ya Gcn2: mbona hawana tofauti na wenzao?

lishe_na_ini: Wakuu, tuna panya waliozimwa jeni ya Gcn2 (jina rasmi Eif2ak4). Kwa chakula cha kawaida cha maabara, uzito, uzazi na sukari ya damu ni sawa na ndugu zao wenye jeni nzima. Hata eIF2α (protini inayosaidia kuanzisha ujenzi wa protini) yenye fosfati inaonekana kwenye ini la makundi yote mawili. Jeni hii ina kazi gani hasa, na tuipimeje?

ribosomu: Mkuu, matokeo hayo ndiyo yanayotarajiwa. GCN2, protini ya jeni hiyo, huamka pale asidi amino muhimu inapopungua: tRNA (molekuli zinazobeba asidi amino) zinabaki bila mzigo, zinaishika GCN2, nayo inatia fosfati kwenye eIF2α, serini ya 51. Ujenzi wa protini kwa jumla unashuka, lakini ATF4, protini inayowasha jeni nyingine, inatengenezwa kwa wingi na kuwasha jeni za Asns, Trib3 na Fgf21. Kwa chakula kamili hakuna upungufu wa kuiamsha.

Hiyo fosfati unayoiona inaweza kuwa kazi ya vimeng'enya vingine, yaani PERK, PKR au HRI, kwani zote zinagusa serini ileile. Kwa hiyo eIF2α peke yake haikuambii lolote kuhusu GCN2. Pima fosfati ya GCN2 yenyewe kwenye threonini ya 898, pamoja na mRNA ya Asns.

zizi_la_panya: Wape chakula kisicho na leusini, moja ya asidi amino muhimu. Guo na Cavener walionyesha mwaka 2007 kwamba kwa chakula hicho panya wa kawaida hupunguza kutengeneza mafuta kwenye ini, ila wasio na Gcn2 hawapunguzi, na ini linajaa mafuta. Misuli nayo ipimwe: bila Gcn2 ini huendelea kujenga protini, na misuli ndiyo inayolipa.

Chakula cha kulinganishia kisiwe kile cha kawaida cha maabara. Kiwe na mchanganyiko uleule wa asidi amino, leusini ikiwemo, na nitrojeni ilingane. Pima kila siku wanachokula, maana chakula chenye pengo hukataliwa, na njaa yenyewe hubadilisha ini. Ongeza kundi la tatu: chakula kamili, lakini kwa kiasi kilekile walichokula wasiopewa leusini. Bila kundi hilo hutajua kama unaona leusini au njaa.

Badilisha matandiko mara kwa mara, kwani panya hula kinyesi chao na wanaweza kupata leusini humo.

lishe_na_ini: Asante sana. Na bloti (Western blot, kipimo cha protini) je? Bendi za fosfati zinapotea kwenye baadhi ya sampuli.

ribosomu: Mara nyingi ni uchelewaji wa kugandisha. Ini likitoka tu, litumbukize kwenye nitrojeni ya kimiminika. Usiliache mezani ukimalizia panya wengine. Bafa iwe na NaF milimola 50 na ortovanadate milimola 1 kwa lita, za kuzuia fosfati isiondolewe, zote zikiwa baridi. Kuziba utando wa bloti kabla ya kingamwili tumia BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 5, si maziwa: kaseini ina fosfati zake na huongeza ukungu kwenye picha.