Tumpate wapi mfasiri wa Kinorwe kwenda Kifaransa kwa mwongozo wa walimu?

Mwalimu wa Nyegezi:
Ndugu zangu, shirika letu dogo hapa Mwanza limepewa na wenzetu wa Norwe mwongozo wa kuwafundisha watoto kusoma, nasi tungependa uwafikie walimu wa Burundi, ambao wamesomea ualimu kwa Kifaransa. Wafasiri niliowapata huku Kanda ya Ziwa ni wa Kiingereza tu. Je, tuupitishe kwanza kwenye Kiingereza?

Mfasiri wa Kirumba:
Shikamoo, Mwalimu. Nakusihi msipitie Kiingereza ikiwa mnaweza kuepuka, kwa sababu istilahi za shule ndizo hupotea kwanza. Barnehage, yaani chekechea ya Norwe, humlea mtoto kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5, ilhali école maternelle, chekechea ya Ufaransa, kwa kawaida humpokea akiwa na miaka 3; ukiyaweka yote mawili chini ya neno moja la Kiingereza, mfasiri wa pili hatajua mwandishi alimkusudia mtoto yupi. Hata madarasa yana mtego: Wanorwe huhesabu kupanda, la 1 hadi la 10, lakini collège ya Ufaransa, yaani sekondari ya chini, huhesabu kushuka, kutoka sixième (la 6) hadi troisième (la 3). Viandikieni vyama vya wafasiri vya Norwe na vya Ufaransa, mkiomba mtu ambaye Kifaransa ndiyo lugha yake ya kwanza na ambaye amewahi kufasiri vitabu vya elimu. Mtajieni pia kama mwongozo uko katika bokmål au nynorsk, kwani Kinorwe kina maandishi rasmi ya namna hizo mbili.

Mama wa Igoma:
Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na hofu yangu iko kwenye mazoezi yenyewe. Zoezi la kutambua herufi za Kinorwe ø au å halifasiriki. Linapaswa kutungwa upya kwa sauti za Kifaransa, lugha yenye herufi nyingi za mwisho zisizotamkwa. Kwa hiyo mfasiri akae na mwalimu wa Burundi, ambako elimu ya msingi ni école fondamentale ya miaka 9, asije akawaandikia kana kwamba wako Paris. Mlipeni kwanza kwa kurasa chache za majaribio, mwalimu huyo azisome.

Mwalimu wa Nyegezi:
Marahaba, mwanangu, nawe Mama asante sana. Mwongozo uko katika bokmål. Kurasa za majaribio nitazichagua kwenye sura ya sauti, kwa kuwa naona ndiyo ngumu kuliko zote.