Kiumbe asiye na koo: ana lugha, au anapeana ishara tu?

KONDELE: Niliandika hadithi ya viumbe wasio na sauti, wanaosemezana kwa kumulika. Msomaji mmoja wa kikundi chetu hapa Kisumu akaandika pembeni: "Hii si lugha, ni ishara tu." Nabisha. Kosa langu ni lingine: kila mmuliko ulikuwa neno la Kiswahili lililovishwa taa. Nilipaswa kuanzia mwilini.

Ziwani humu kuna samaki wa jamii ya mormiridi, mdomo umechongoka kama mkonga. Mkiani ana kiungo kinachotoa mipigo ya umeme, midogo, haimrushi mtu. Kwa mipigo hiyo hupapasa njia kwenye maji ya tope, na kwa hiyo hiyo huwasiliana na wenzake. Akinyamaza, hisi ile nayo inazima. Sasa mpeni akili kama zetu: kwake "nyamaza" na "fumba macho" ni kitenzi kimoja. Kumchungulia jirani kimyakimya hawezi, kwani kuchungulia ndiko kusema. Umbea wake ungekuwaje?

NAKURU: Samaki hasimulii ya jana, ndugu yangu. Hata nyuki, ambaye ngoma yake ilichangia mtafiti Karl von Frisch kupata tuzo ya Nobel mwaka 1973, huwaelekeza wenzake maua yaliko na umbali wake, basi. Hajacheza "mama yangu alikuwa mkali". Sarufi inataka sauti.

KAKAMEGA: Inataka sauti? Mimi nafundisha watoto viziwi. Kwa Kiswahili "ninakupa" inapanga foleni: ni, na, ku, pa. Kwa Lugha ya Ishara ya Kenya mkono unatoka kwangu unakujia; nikiugeuza mwendo, wewe ndiye unayenipa. Nyusi nazo, papo hapo, zinageuza kauli kuwa swali. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inaitaja lugha hii pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Kuhusu ya jana: wanafunzi wangu wamewahi kunisengenya tangu upande huu wa uwanja hadi ule, kisa kizima cha juma lililopita, nami nimewapa mgongo nikisahihisha madaftari. Nilikuja kuambiwa na mpishi.

KONDELE: Mwalimu, umenipa kitu. Mikono ina nafasi. Samaki wangu ana muda, yaani mwanya kati ya mpigo na mpigo. Sarufi yake nitaijenga hapo. Taa nazitupa.

NAKURU: Kwa mikono nimekubali. Samaki bado.