Naomba ushauri: mhazini wa kwaya ametubu, je, arudishiwe kazi ya kushika fedha?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mhazini wetu wa kwaya alikula michango ya sare. Alikiri mwenyewe mbele ya wazee wa kanisa, akatubu, na amesharudisha karibu yote. Tumemsamehe, na mimi namsalimia bila kinyongo.

Sasa baadhi wanataka arudishiwe uhazini, eti kumnyima ni dalili kwamba hatujasamehe. Wananisomea Mathayo 18:22, saba mara sabini. Lakini pale Petro aliuliza habari za kusamehe, hakuuliza nani ashike fedha! Na Yohana 12:6 inasema Yuda ndiye aliyeshika mfuko, akawa anaiba. Kumkabidhi ndugu yetu laini ya simu yenye fedha za kwaya, namba ya siri anaijua peke yake, si ndiyo kumtia majaribuni?

Ila Paulo naye alimkataa Yohana Marko, aliyekuwa amewaacha safarini, hadi akatengana na mwenzake Barnaba (Matendo 15), na baadaye akaagiza aletwe kwa kuwa anamfaa (2 Timotheo 4:11).

Mliopitia haya, mlianza kumpa mtu jukumu gani? Akaunti ya watia saini watatu inatosha, au asiguse fedha kabisa? Kikao ni Jumamosi.