Nikimaliza dozi ya vitamini D, niendelee na nini?

Mkaazi wa Leeds:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na huu ni mwaka wangu wa tatu Leeds, nikifanya kazi usiku na kulala mchana. Tangu Novemba miguu imekuwa ikiniuma hadi kupanda ngazi kukawa shida, na kipimo cha damu kikaonyesha kuwa vitamini D yangu ni nanomoli 19 kwa lita. Daktari ameniandikia vidonge vya yuniti 50,000, kimoja kila wiki kwa wiki 6. Je, nikivimaliza, chakula pamoja na jua la dirishani, ambako hukaa kila ninapoamka, vitatosha?

Mfamasia Mstaafu:
Wa alaykum salaam, binti yangu. La dirishani liache kabisa, kwa sababu kioo hupitisha mwanga na joto lakini huzuia ile miale ya urujuanimno ambayo ngozi huihitaji ili itengeneze vitamini D. Hata ukitoka nje, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la Uingereza huwa chini mno, na sisi wenye ngozi nyeusi, hasa anayejisitiri kwa hijabu, huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi hata wakati wa joto. Ndiyo maana ushauri wa afya wa huko unatutaka tunywe maikrogramu 10, yaani yuniti 400, kila siku mwaka mzima. Dozi uliyo nayo sasa ni ya kujaza mtungi uliokauka. Itakayofuata muulize daktari, kwani wengine hupewa zaidi ya 400. Usijiongezee mwenyewe kupita yuniti 4,000 kwa siku, maana ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu na kudhuru figo.

Mama Pacha:
Naongezea, dada: kidonge kinywe pamoja na chakula chenye mafuta, si kwa chai kavu. Vibua na sadini vina vitamini D kwa wingi. Kiini kimoja cha yai hakifikii hata robo ya mahitaji ya siku. Kama unanyonyesha, mtoto naye apewe matone yake, kwa kuwa maziwa ya mama hayana ya kutosha.

Mkaazi wa Leeds:
Nashukuru sana. Sinyonyeshi, ila vidonge vyote vitatu vya mwanzo nimevinywa kwa chai ya rangi, tena kavu. Cha nne ni kesho, na vibua vya kupaka viko tayari kwenye friji.